Walikuja na Bunduki, Akawapikia

Jumamosi, mwezi wa saba. Mungaa, kijijini kwetu.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule mkavu unaopasua midomo. Sijisikii vizuri wala vibaya. Nimepepeta alizeti na mama mpaka mchana, kisha simu ikaita.

Alikuwa Faida. Chuoni tulilala chumba kimoja mpaka tukamaliza. Ni Mkongomani, mama yake na wadogo zake bado wako kambini Kigoma, wakisubiri nchi ya mbali iwapokee.

"Wakili wa alizeti," alisema, "faili la mama limesimama."

Nilisoma sheria na sijapata kazi. Faida hanionei huruma, ndiyo maana bado tunazungumza.

Nimeelewa hivi. Kabla nchi ile haijamkubali mkimbizi, inamchunguza: alama za vidole, picha, majina ya ndugu, kila mahali alipowahi kuishi. Baadaye mtu mwingine anauliza maswali yaleyale, na majibu yanalinganishwa. Sioni ubaya. Hata mimi ningetaka kujua nani anaingia nyumbani kwangu.

Mama yake Faida akaulizwa na afisa kama amewahi kuwapa watu wenye silaha chakula au mahali pa kulala. Akajibu ndiyo. Walimlazimisha? Akasema hapana, walikuwa wageni, walifika na njaa, akawachinjia kuku.

Faili likasimama hapo, kwani aliyewasaidia wenye silaha kwa hiari yake hapokelewi.

Niliziba simu kwa kiganja nikamsimulia mama yangu. Akaweka ungo chini.

"Sasa walitaka ajibu nini? Kwamba aliwanyima?"

Akaongeza maneno ya Kinyaturu ambayo sitayaandika hapa.

Ndipo nilipoliona kosa. Afisa alikuwa anauliza habari ya usalama. Mama yake Faida alisikia anaulizwa kama yeye ni mchoyo. Mama yangu angejibu vilevile, tena kwa kujivuna. Kwao, kusema ulilazimishwa kupika ni kusema kwamba kwa hiari yako usingepika.

Faida akamuunganisha mama yake kwenye simu, nami nikaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwanasheria? Haya, niambie nikaseme nini."

Nakiri, kwa muda nilitaka kumtungia jibu. Nayajua maneno ambayo huenda yangelisukuma lile faili. Lakini yangekuwa yangu, si yake. Nikaamua kumuuliza tu.

"Walipoingia, bunduki zilikuwa wapi?"

"Mbili waliziegemeza mlangoni. Moja alibaki nayo yule aliyekaa karibu na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mimi," akasema Faida.

Miaka yote ile, chumba kimoja. Hakuwahi kuniambia.

"Mama, ungewaambia hakuna chakula, ingekuwaje?"

Nilisikia upepo kwenye simu, sijui wa kwetu au wa kwao.

"Wangetuua," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Afisa ulimwambia hilo?"

"Hakuniuliza. Aliuliza habari ya chakula."

"Basi mwambie na hilo. Usifute ulichosema. Yote mawili ni kweli."

"Ataona nilipika kwa woga."

"Mama!" Faida alifoka. "Unataka kuzeekea kambini kwa ajili ya kuku?"

"Alikuwa jogoo," mama yake akasema, na sote tukacheka, hata mama yangu ambaye hakualikwa kwenye mazungumzo. Kicheko kilipoisha, yule mama akasema polepole: "Nitasema wangetuua. Lakini na wao waandike kwamba chakula kilikuwa kizuri, na maji ya kunawa niliwapa."

Simu ikakatika. Mama yangu akarudi kwenye ungo. Mimi nilisimama pale muda mrefu, nikitazama makapi yakipeperuka kuelekea kwa jirani.

Sikulia. Naandika hivyo kwa sababu nilidhani ningelia.

Jumatatu mama yake Faida anaingia tena kwenye chumba cha mahojiano, peke yake mbele ya afisa na mkalimani. Lile la kuuawa mkalimani atalitafsiri, sina wasiwasi. Ninachowaza ni yale maji ya kunawa. Huenda atayaona hayana maana, ayaruke, aende kwenye swali linalofuata.

Na wakimkubali bila hayo maji, watakuwa wamemkubali nani?