Baiskeli ya Kijani ya Salha

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimekwenda Magongo kuitazama karakana mpya ya Yeslam. Karakana! Kibao chake kikubwa kuliko mlango. Kimeandikwa "Mabingwa wa Milimani", na hapo chini picha yake mwenyewe, kavaa miwani ya jua, kashika baiskeli kama mtu aliyeshika farasi. Magongo pana mlima gani? Pana matrela na vumbi.

Ndani kusafi mno. Spana zimetundikwa ukutani zikimetameta, wala hapana hata moja iliyoonja grisi. Pana kochi. Pana kioo! Fundi wa baiskeli na kioo wapi na wapi? Nikaletewa kahawa na tende, kisha hotuba. Ati yeye ndiye atakayeuinua mchezo huu wa baiskeli za milimani Pwani nzima. Huyu Yeslam niliyekaa naye mkeka mmoja madrasa, ambaye kilima cha Mtongwe mpaka leo hukipanda kwa kusukuma.

Alipotoka kupokea simu, nikachungulia chumba cha nyuma. Huko ndiko kwenye ukweli — minyororo, rimu zilizopinda, takataka. Baiskeli moja ya buluu imegeuzwa miguu juu, kishikio chake cha chupa kimepinda. Shingo ya fremu, pale chini ya usukani, ina ufa wa kuingia ukucha. Aliporudi nikamwuliza. Akasema hiyo ya kutupwa, chuma chakavu tu.

Vyema. Jambo moja basi analijua.

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tumepanda baiskeli hadi Ng'ombeni na kurudi. Msafara wa majivuno. Yeslam kasimama kila penye mnazi apigwe picha. Nyale, dereva wa forklifti bandarini, kalalamikia kiti chake njia nzima, utadhani kakalia mbigili.

Salha, binti wa khalati Mwanarehema, dadake mama, alikuja na baiskeli yangu kuukuu. Suruali pana, mtandio kaubana chini ya helmeti. Kwenye mwinuko akawapita wanaume wote, na mimi nikiwamo, wala hakugeuka. Yeslam akasema ati yeye alimwachia tu apite. Alikuwa anahema hata maneno hayatoki!

Ila alimtazama sana. Nimeona.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Ziwa la Ng'ombe kwa Tinga, kubadilisha breki. Huyu naye! Karakana yake ni turubai lililofungwa baina ya kuta mbili, na chini yake baiskeli za watu zimeota kutu tangu mvua za masika. Tinga ni fundi wa kweli, lakini mikono hufanya kazi mdomo ukipumzika, na mdomo wake haupumziki.

Tuko hapo, Salha akanitumia picha kwenye simu. Baiskeli ya kijani kibichi, ina utepe kwenye usukani. "Zawadi kutoka kwa Yeslam! Jumapili ijayo naishusha Kwale."

Nikaikuza picha. Rangi mpya, sawa. Lakini kile kishikio cha chupa kilichopinda nilikiona Magongo. Ni ile ile ya buluu.

Nikampa Tinga simu. Akaweka spana chini. Akasema shingo ikishapasuka, kuchomelea ni kuifunika tu. Kwendea sokoni, labda. Kushuka kwenye mawe, itakatika, na anayeipanda atatangulia kwa uso.

Nikamwambia, basi mpigie Salha, umweleze kama fundi. Akajikuna. Ati Yeslam humletea kazi, ati nisimtie kati. Mwanamume mzima! Nikaondoka na breki moja mpya, moja ya zamani.

Jumatano, 13 Agosti 2025

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwa khalati, Shika Adabu. Baiskeli imewekwa sebuleni kama bibi harusi. Nikapiga magoti nikamwonyesha Salha pale shingoni, rangi ilivyofanya uvimbe. Nikamwambia: hii niliiona imepasuka, kwa macho yangu, na mwenyewe aliniambia ni ya kutupwa.

Akaniangalia kwa huruma. Huruma!

"Kaka Mansur, tangu lini wewe ukasema kitu ni kizuri?"

Nikasema haya ni mengine.

"Harusi ya Jalila ulisema pilau ina mchanga. Nilipopata kazi ya duka la dawa, ulisema nitauza panadol mpaka nizeeke. Juzi ulikuwa unakicheka kibao cha watu. Sasa leo nitajuaje kwamba haya ni mengine?"

Nikainuka, nikapangusa magoti.

Khalati akasema kutoka jikoni, polepole kama kawaida yake: "Mwanangu Mansur, watu wa Yeslam wameleta maneno, wamekuja kwa heshima zao. Usimwondolee mwenzio kheri yake."

Kumbe posa! Posa imekuja juu ya chuma chakavu kilichopakwa rangi, na mimi wa mwisho kujua. Salha akainamisha macho. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama nina wivu.

Wivu! Wa nini? Wa kioo chake?

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sijala.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimempigia Yeslam. Anasema imechomelewa na fundi wa matrela, haivunjiki hata ikipandwa na tembo. Nikamkumbusha alivyosema ya kutupwa. "Nilisema hivyo? Wallahi sikumbuki." Kisha akaniuliza mimi ni fundi tangu lini, na kama nina neno na Salha niende kwa mamake kama wanaume.

Nikakata simu. Ningetukana.

Ijumaa, 15 Agosti 2025

Khutba yote leo sikusikia neno. Naona uso wa Salha na mawe.

Jumapili, 17 Agosti 2025. Kwale

Tuko juu. Nimelitoa daftari ili nisimtazame mtu usoni. Niandike haraka.

Tulipanda kutoka Kombani. Salha mbele, na ile kijani yake. Kupanda hakuna neno, fremu haishtuki. Balaa ni kushuka. Njia ya hapa inaanza kwa udongo mwekundu laini, kisha inaingia baina ya mihogo, imejaa mawe makali na mifereji iliyochimbwa na mvua. Yeslam alifika wa mwisho, kalowa jasho, lakini miwani iko pale pale.

Tulipopumzika nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno makali wiki nzima, matamu mno, nikayameza yote. Nikasema tu: "Yeslam, badilishaneni. Mpe Salha yako, wewe ushuke na ya kijani."

Wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote. Kisha akaona sicheki.

Akasema saizi si yake. Nyale, masikini, bila kujua lolote, akatoa ufunguo akakipandisha kiti. "Haya, saizi yako sasa!" Yeslam akasema goti linamwuma. Mara akasema si adabu mtu kupanda zawadi aliyoitoa mwenyewe. Sababu tatu, na hakuna hata moja iliyomtazama Salha machoni.

Salha akavua helmeti. Hakuniuliza mimi. Alimwuliza yeye.

"Ina nini?"

"Haina kitu, Salha. Mansur unamjua."

"Namjua. Basi panda."

Yeslam akarekebisha miwani puani.

Salha akamwendea, akaitwaa ile baiskeli ya Yeslam ya bei mbaya, akamwachia ya kijani mkononi. Akaenda kukaa kando peke yake, kailaza baiskeli majanini, kang'oa jani na analichana vipande vidogo vidogo. Nilitaka kumwendea. Nimwambie nini? Nilikwambia? Hilo ndilo neno la kumwambia mtu leo?

Nilidhani nitafurahi. Kicheko nilikiweka akiba, sasa nakitafuta wala sikipati.

Yeslam amesimama mwanzo wa mteremko, kashika usukani wa kijani kwa mikono miwili. Mwanzo nilidhani anatafuta njia ya kuteremka kwa miguu bila kuaibika. Lakini amevua miwani. Anamtazama Salha, anatazama chini, anamtazama tena Salha. Ameinua mguu mmoja juu ya pedali. Kaushusha.

Kauinua tena.

Lo! Amekaa kwenye kiti. Wallahi huyu mpumbavu anataka kushuka kweli, aoneke mwanamume! Nimemwita, hageuki. Salha kasimama, naye anamwita kwa jina lake. Anaachia breki —

Naweka kalamu.