Mama Mkwe kwenye Kitambaa Cheupe

Jumatatu, 4 Januari 1954. Tororo.

Nimeshinda nikipangusa vumbi kwenye mikebe ya filamu. Wandera, dereva wa gari la sinema, amefunga jenereta kwa kamba mpya huku akiimba vibaya. Siku ya nne ya kazi ya likizo. Mimi ndiye msemaji: filamu hazina sauti, nashika kipaza sauti nawaeleza watu kwa Kiswahili wanachokiona. Wandera anarudia kwa lugha ya mahali. Anazijua zote za huku mpakani, pamoja na matusi yake.

Kazi ni kisingizio. Ninachotafuta ni insha. Darasa letu la nadharia ya filamu pale chuo tuko watano, na muhula ujao nafasi za kuendelea ni mbili tu. Insha ndiyo itakayoamua. Mwalimu wetu, Mwingereza, ameandika kwamba mtu wa shamba huona picha moja moja, hawezi kuiunganisha hii na inayofuata. Katutuma tukalitazame jambo hilo kwa macho yetu. Nikikosa nafasi, Baba ana lori linalotaka dereva. Silitaki lori.

Jumatano, 6 Januari. Busia.

Jana tulikuwa kijiji cha Lunyo. Watu wengi, vumbi jingi. Filamu ya kunawa mikono. Mwanamume ananawa, anakaa, anakula. Picha inakatwa. Mwanamke mzee yuko mlangoni, anatazama, anatabasamu. Inakatwa. Mwanamume anakula tena. Karatasi ya maelezo inasema huyo ni mama mkwe wake, kafurahi kupata mkwe msafi. Nikasema hivyo hivyo.

Wanawake wakainamisha vichwa, wengine wakajifunika leso usoni. Wazee wakainuka, wakaondoka na viti vyao. Filamu ilipokwisha, hata robo ya watu haikuwepo.

Nakiri nimefurahi. Mwalimu alisema kweli: hawakuelewa, wakachoka. Nimejaza kurasa tatu kabla ya chai. Insha inajiandika yenyewe.

Wandera hajanisemesha tangu jana. Labda tumbo.

Alhamisi, 7 Januari.

Si tumbo. Asubuhi tulipokuwa tunatia maji kwenye rejeta, alilipuka. "Wewe nasoma miaka mingi, halafu naweka mkwe nakula mbele ya mama mkwe yake? Mbele ya watu? Wazee nauliza mimi, nani naleta hii aibu!"

Nikafundishwa papo hapo. Kwa Wasamia, ndio watu wa Lunyo, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kula mbele yake ndiyo usiseme. Mimi mtoto wa mjini, ningejulia wapi? Kwetu mume wa dada yangu hula pilau na Mama, wakagombea ukoko. Nyani haoni kundule. Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Mchana, na haya zangu, nikaichukua filamu nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kipande kwa kipande. Mwanamume ana kivuli kirefu: asubuhi. Mwanamke karibu hana kivuli: jua la utosi. Hawamo pamoja hata kwenye picha moja. Huenda hawajaonana maishani. Sasa nani aliyewakutanisha? Watu wa Lunyo. Waliziunganisha picha sawasawa, wakaona aibu ya jambo ambalo hakuna aliyelipiga picha.

Kurasa tatu nimezichana. Naogopa.

Jumamosi, 9 Januari.

Jana Masinya. Wasamia vilevile, filamu ileile. Nimebadilisha kitu kimoja tu: nimesema yule mzee ni nyanya yake. Nyanya na mjukuu hutaniana, Wandera kanihakikishia.

Picha ya nyanya ilipotokea, kicheko. Mama mmoja akasimama akamfokea mwanamume wa kwenye kitambaa cha sinema. Wandera akanitafsiria, machozi ya kucheka yakimtoka: "Nasema, wewe mchoyo, gawia nyanya yako nyama!" Hakuna aliyeondoka. Waliomba turudie, tukarudia.

Picha zilezile, mkato uleule. Udugu umebadilika, na tabasamu la mzee limebadilika nao. Darasani sijapata furaha kama hii.

Wandera amenisemesha tena. Anasema sasa nakaribia kuwa mtu.

Jumatatu, 11 Januari. Tororo.

Siandiki. Yaani naandika hapa ili nisiandike insha. Kumwambia mwalimu wako kakosea, tena kwa wino, naye ndiye mgawa nafasi! Nimemsimulia Baba akiwa chini ya lori, miguu tu nje. Akauliza nimeona au sikuona. Nimeona. "Basi. Macho hayana pazia." Akaomba spana.

Jumanne, 12 Januari.

Kurasa kumi na moja. Sikuficha kosa langu la Lunyo. Sikuficha la mwalimu. Nimeitia posta kabla sijajuta. Halafu nimejuta.

Jumatano, 20 Januari.

Hakuna barua. Jana Molo, jirani na Tororo, jenereta ilikataa kabisa, Wandera akailaani kwa lugha tatu. Leo Baba kanifundisha kugeuza lori, endapo nitaikosa nafasi. Nimegonga banda la kuku. Baba akaanza kuhesabu kuku.

Ijumaa, 29 Januari.

Bahasha ya mwalimu imefika. Insha yangu haimo. Ndani mna muhadhara wake aliotusomea muhula wa kwanza, uliopigwa taipu, ukurasa wa nne peke yake. Ile sentensi ya mtu wa shamba na picha moja moja imekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni kaandika kwa mkono wake: muhula ukifunguliwa, somo hili utalifundisha wewe.

Nimekaa nayo barazani, nimeisoma mara nne. Nina furaha.

Mama kauliza barua inasemaje. Nimemwambia narudi chuo. Akasema alhamdulillahi, nimpelekee Baba chai kabla haijapoa.