Homa ya Mkokoni

Kilifi, 4 Machi 2023

Shangazi Mahfudha,

Assalaam alaikum. Nakubusu mkono, hata kama hutaki kunipa. Magoti yanasemaje siku hizi, na presha? Mimi mzima, kazi ya maabara inaendelea. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Barua hii, ikishavuka kutoka Mokowe ikafika Amu mlangoni kwako, usipotaka kuisoma itabidi uitupe kwa mkono wako mwenyewe.

Nusra ameniambia harusi yake na Sadiq ni baada ya Idi. Nampenda mdogo wangu, na Sadiq nimembeba mgongoni akiwa mdogo. Nakuomba jambo moja tu: kabla hawajaoana, wapimwe damu wote wawili. Mwanangu Rayyan alipolazwa, daktari alituambia mimi na Wazir kwamba siko seli, ugonjwa ule wa damu, mtoto aliupata kwetu sote, upande kwa mama na upande kwa baba. Mimi na mwanao Wazir tulioana tukiwa binamu. Hawa nao ni binamu wale wale, mdogo wangu na mdogo wa Wazir. Rayyan aliishi miaka mitano, na sikumbuki mwezi aliomaliza bila kulia mifupa. Sitaki Nusra ayajue ninayoyajua mimi.

Mwana wa kaka yako,
Ruqaiya


Amu, 19 Machi 2023

Ruqaiya,

Waalaikum salaam. Sijambo, alhamdulillahi. Magoti ni yale yale.

Barua yako nimeisoma hadi mwisho, ujue nina subira. Wataka nimpeleke mchumba wa mwanangu akachomwe sindano kama mbuzi wa mnada, mji mzima ujue? Katika nyumba hii tumeoana wenyewe kwa wenyewe vizazi vinne, na haijaanguka. Ugonjwa huo ni wa watu wa bara. Niliyoyasema msibani sijayabadili: mtoto ulimwacha akashinda majini mchana kutwa, wewe uko kwenye masomo yako, angekosaje kuugua?

Na ukitaka kujua damu yetu ni ya namna gani, muulize babako, Khatib. Mwaka ule baba alipotuhamishia Mkokoni, mvua ilinyesha kupita kiasi na homa ikaingia. Tulikuwa watoto sita. Wanne walizikwa ndani ya mwezi mmoja. Mimi na babako tulilala nao mkeka mmoja, tukaumwa na mbu wale wale, na hatukupata zaidi ya mwili kuwa moto siku mbili. Mama alikuwa akitushika vichwa, akiilaumu nchi ile, akisema, "Nti hii imewala wenzenu, nyinyi imewashindwa." Hiyo ndiyo damu yetu.

Na hayo mnayofundishana huko, ya viumbe kubadilikabadilika, ya watu na nyani, usiniletee.

Bi Mahfudha


Kilifi, 27 Machi 2023

Shangazi,

Assalaam alaikum, na Ramadhani njema. Natumai saumu haikuchoshi na dawa za presha unazimeza wakati wa daku.

Sikuletei ya nyani. Nakurudishia ya kwako, maana barua yako imeniliza. Ulichokitaja kunishinda nacho ndicho ushahidi wenyewe.

Mtu aliyerithi siko seli upande mmoja tu, kwa kawaida haimsumbui. Malaria ikimwingia haistawi katika damu yake. Anaugua kidogo, anainuka. Ndugu yake asiyekuwa nayo kabisa ndiye yuko hatarini kufa. Sasa fikiria homa hiyo ikirudi kila mvua, kwa mamia ya vizazi. Wanaobaki ndio wanaooana na kuzaa, na watoto wanairithi damu iliyowabakisha wazazi. Hakuna aliyeketi akachagua. Homa yenyewe iliwachuja watu polepole, hadi wenye damu kama yako wakawa wengi. Darasani hilo tuliliita uteuzi asilia.

Hapa kazini nina wenzangu wawili. Nerea kwao ni kando ya ziwa, mbu tele, na siko seli ipo kama kwetu. Kirimi kwao ni mlimani kwenye baridi, mbu hawapandi, na anasema hajawahi kusikia mtoto wa kwao akiumwa hivyo. Ukichora ramani ya malaria ya zamani, kisha ukachora ya siko seli juu yake, kwa sehemu kubwa zinalaliana. Si ugonjwa wa bara, shangazi. Ni alama ya pale homa ilipoua watoto kwa muda mrefu.

Nadhani bibi au babu alikuwa nayo, akawapa wewe na baba, nayo ndiyo iliyowatoa Mkokoni. Wewe ukampa Wazir, baba akanipa mimi, na Rayyan akapata mbili. Mbili haziokoi mtu. Wawili wenye moja moja wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama Rayyan.

Siku ile ya majini sikuwapo, ni kweli. Baridi humzidishia mtoto wa hivyo maumivu. Hilo naishi nalo bila kukumbushwa.

Mwana wa kaka yako,
Ruqaiya


Kilifi, 22 Aprili 2023

Shangazi,

Idi njema. Hujanijibu, sijui hata kama u mzima. Nusra amenitumia picha ya nguo yake na kusema halua imeshaagizwa. Nilimweleza kuhusu kupima, akalia, akasema nina kinyongo kwa kuwa niliachika. Angelisikia kwako angelisadiki.

Sitakuja harusini. Usidhani ni kiburi. Sitaweza kuwatazama wakikaa pale tulipokaa mimi na Wazir.

Mwana wa kaka yako,
Ruqaiya


Amu, 21 Mei 2023

Mwanangu Ruqaiya,

Waalaikum salaam. Kwa mwili sijambo. Wewe je, unakula? Babako aniambia umekonda.

Nilitaka kukuonyesha kuwa umekosea, kwa hivyo sikuwapeleka watoto, nilikwenda mimi. Nikakaa kwenye benchi la hospitali pamoja na wajawazito. Msichana wa kupima, Kwamboka, akaniuliza, "Bibi, kwani wewe unaolewa?" Wakacheka, nami nikacheka. Karatasi ilipotoka sikucheka. Ninayo, upande mmoja, kama ulivyoandika.

Basi nikawapeleka. Sadiq anayo. Nusra anayo.

Daktari aliwaambia uamuzi ni wao. Walizungumza kwangu siku tatu, wakauvunja uchumba. Sadiq amehamia Mokowe kufanya kazi, hataki kupita mtaani kwetu. Nusra yuko hapa. Akila, anakula kwa sababu namtazama. Aliniuliza, "Na dada Ruqaiya, mbona yeye hakupimwa na mtu?" Aliyewaoza wewe na Wazir ni mimi.

Ijumaa walikuja wanawake kusoma Qurani, wale wale waliokuwapo msibani. Niliwaambia niliyoyasema juu yako yalikuwa uongo, na damu iliyomuua Rayyan nusu yake imetoka kwangu. Mmoja akanimiminia kahawa.

Unasema hakuna aliyechagua. Mimi nasema ni Mungu, na hatutabishana. Lakini kule Mkokoni mama aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha, akatunywesha sote sita kombe lile lile. Alikufa akijiuliza kwa nini liliwafaa wawili na wale wanne halikuwafaa. Natamani ungekuwapo ukamweleza.

Jana nilikwenda kwenye kaburi la Rayyan. Nilimtajia majina ya wale wanne, maana hakuna mwingine anayeyakumbuka ila mimi na babako. Wao walikufa kwa kuikosa. Yeye amekufa kwa kupata mbili. Mimi nilipata moja, nikaishi miaka sitini na zaidi, na sehemu ya miaka hiyo nimeitumia kukusema wewe.

Njoo, mwanangu. Mkono nitakupa.

Shangazi yako,
Mahfudha