Sakafu Nyekundu ya Fundi Shabani

Mwanza,
Jumapili, baada ya ibada.

Mke wangu Tupokigwe,

Ugonile, Mama Lusajo. Nimeanza kwa lugha ya nyumbani ili ujue nimetulia kabla ya kushika kalamu, maana jana nilikuandikia kwa hasira nikaichana karatasi. Huku mwili ni mzima, isipokuwa vidole ambavyo barafu ya kiwandani imevifanya vigumu kama vijiti. Wewe hujambo? Lusajo je, kile kikohozi kimemwacha? Na mvua bado inanyesha, au nauliza swali la mtu aliyesahau Tukuyu?

Kazi ni ile ile. Tunasimama mezani na visu, tunachuna sangara, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na harufu. Naoga kwa sabuni na malimau, paka wa mwenye nyumba bado ananifuata mpaka chumbani. Nimezoea.

Sasa nije kwenye barua yako. Nilitaka kujua habari zako, nikapata habari za fundi Shabani. Fundi Shabani amesema sakafu ya zamani isivunjwe, ikwanguliwe tu, inywe maji, halafu ipigwe niru, ule uji mzito wa saruji unaolainishwa kwa mwiko, juu yake. Fundi Shabani amechanganya ile rangi nyekundu ya unga na saruji kwa mkono wake mwenyewe. Fundi Shabani hapendi chai yenye sukari nyingi. Tupokigwe, miaka yote hii tangu nikuoe, umewahi kumwandikia mtu yeyote kwamba mimi napenda chai ya namna gani?

Namjua huyo Shabani. Ni yule wa mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na cherehani. Kofia yake safi hata akiwa na mwiko wa saruji mkononi, na anasema samahani mpaka kwa kuku. Sisi wanaume wa kwetu hatukulelewa hivyo. Tukitaka maji tunasema lete maji. Kwa hiyo najua mwanamke akiambiwa, “Naomba maji, dada yangu, kama hutachoka,” moyo wake unakwenda wapi. Unakwenda mtungini, sawa, lakini unakwenda mbio kuliko ninapoagiza mimi.

Halafu hilo ua. Mimi niliagiza sakafu nyekundu yenye mistari ya vigae, kama ile ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, basi. Wewe unaniambia mlangoni kuna ua. Fundi alikuuliza wewe unapenda nini, ukakata tawi la kahawa nyuma ya nyumba, mkalikandamiza kwenye saruji mbichi, wewe umeshika upande huu na yeye upande ule. Nani alikutuma ushike? Fundi hana mikono miwili?

Hata hivyo nilivumilia. Nikasema zamani saruji ilikuwa ya wenye vibali, leo hii iko dukani kwa kila mwenye fedha, acha na mke wangu afurahi. Ndipo akarudi Gwakisa.

Gwakisa ni yule kijana wa Nkunga ninayefanya naye kazi meza moja. Alikwenda huko nyumbani kumzika shangazi yake, nami nilimwomba apite kwangu akujulie hali. Alipofika hapa sikungoja hata anawe mikono.

“Nyumba umeiona?”

“Nimeiona kwa mlangoni. Sakafu inang’aa, unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu.”

“Na mke wangu?”

“Sikumkuta. Jirani yenu aliniambia wiki ile halali pale. Sakafu haijakauka, haikanyagwi.”

Tupokigwe, sikumwuliza zaidi, na ugali ulinishinda. Siku iliyofuata nilijikata kidole kazini, na msimamizi akanifokea mbele ya watu. Nilikuwa natafuta kichwani mahali ambapo ungeweza kulala, nakosa. Kwa mama yako Masukulu ni mbali, na ng’ombe wanataka kukamuliwa alfajiri. Kwa dada yangu watoto wanalala mpaka jikoni. Kwa wazazi wangu ndiyo karibu, lakini baba yupo, na wewe ni mkamwana wake. Watu wa huku nikiwaeleza wanacheka. Hawaamini kwamba kwetu mkamwana akisikia sauti ya baba mkwe anaingia kwenye migomba asionane naye, na jina lake halitaji maisha yake yote. Watu wa namna hiyo watalalaje chini ya paa moja? Haiwezekani. Basi kila nilipogeuka nikaiona Bagamoyo, na ile kofia safi imetundikwa ukutani.

Wivu uliniuma, sikufichi. Nilikuandikia urudi kwenu. Niliandika kwamba nikija nitaivunja sakafu hiyo kwa nyundo, nianze na ua. Gwakisa akanikuta nikiandika, akaniuliza ni nini kinachonitoa jasho hivyo. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Umerogwa na samaki wewe? Mkeo alilala kwa mama yako.”

“Muongo. Baba je?”

“Baba yako alihama.”

Nikamwambia aeleze taratibu. Akasema mama ndiye aliyemweleza baba kwamba huna pa kulala. Mzee alichukua blanketi lake na kigoda akaenda kulala kwenye banda la ndama. Wiki nzima, katika mvua ile na baridi ile, na mgongo wake ulivyo. Na kila asubuhi kabla ya kutoka bandani alikuwa anakohoa kwa nguvu, kikohozi cha uongo, ili upate nafasi ya kuingia ndani. Gwakisa alimkuta hapo anakunywa chai, ndama wanamlamba mkono. Alipoulizwa kulikoni, mzee akasema, “Mwanangu anatengeneza nyumba.”

Sasa naelewa kwa nini hukuniandikia ulilala wapi. Ungeanza kusema ulilala kwa mama, ingekubidi useme na baba alikuwa wapi, nawe humtaji. Mwanamke mwenye adabu amenyamaza, mumewe amesoma uzinzi. Nisamehe, mke wangu. Na hata kosa la kwanza ni langu, maana mimi ndiye niliyeamuru vyumba vyote na baraza vipigwe kwa mkupuo mmoja. Kwa jua la Mwanza sakafu inakauka ukiitazama. Mtu wa Tukuyu anajua ukungu wetu, angefanya chumba kimoja kimoja.

Usidhani wivu umekwisha. Umehamia kwa baba. Mimi mumeo nimekupa fedha ya kutumwa na maneno ya kuamrisha. Yeye amekupa kitanda chake, bila kukutazama usoni, wala wewe huwezi kumwambia asante. Ningependa mtu huyo angekuwa mimi. Na Shabani bado simpendi, uelewe.

Nisalimie mama, mwambie vidole vitapona. Msalimie dada yangu na watoto wake wote. Mama yako Masukulu umpe heshima zangu, na jirani yetu mwenye maneno mengi umsalimie pia, ila umwambie siku nyingine amalize habari anapoianza. Fundi Shabani ukikutana naye njiani msalimie, kwa mbali.

Baba simtumii salamu tupu. Gwakisa anasema alimwona amesimama njiani na jembe begani, anautazama mlango wako, kisha akaendelea na safari yake shambani. Hawezi kuingia kwako, wala mimi sipo wa kumkaribisha. Kwa hiyo nakuomba hivi. Jumamosi moja mchukue Lusajo mwende Masukulu, mlale huko. Usipokuwepo hakuna wa kumkwepa. Acha mlango wazi, na mama amwambie kwamba nimesema mimi: aingie, akae sebuleni mpaka atosheke, akanyage na lile ua. Viatu asivue. Ukirudi utakuta tope la shambani kila mahali, najua unavyolichukia. Siku hiyo usilifute, Tupokigwe, lala nalo. Mimi mwenyewe sijaikanyaga sakafu hiyo na roho inaniuma ninapoandika, lakini aanze yeye.

Wako, mwenye wivu, niliye mbali na mlango wangu,
Ambakisye, Baba Lusajo