Cheche Iliyomgeuza Tembo

Mama, shikamoo. Hamjambo wote hapo Mabwerebwere?

Tembo kama huyu wa kwenye picha ya kadi hii ndiye aliyekuwa akimaliza mahindi ya kijiji hapa Mikumi. Nikaunda waya wa kumzuia kwa betri ya lori la miwa, koili ya kuongeza nguvu ya umeme, na bolti mbili zilizoachana unene wa ukucha. Umeme ukijaa, cheche inaruka kati ya bolti hizo, na waya unampiga anayeugusa kama mjeledi.

Mwenyekiti wa kijiji akasema kiongozi ndiye ajaribu kwanza. Akaushika, akakaa matopeni puu!

"Umetoka Ulaya huu?"

"Nimeutengeneza hapa hapa, Mzee."

Akanyoosha mkono nimwinue, huku anacheka.

Jana jioni tembo aliugusa kwa mkonga, akageuka mbio.

Nina hamu na uji wako, Mama. Mwambie Baba, ile redio yake niliyoifumua utotoni haikufa bure.

Mwanao,
Hamisi