Moto wa Nyuma ya Kanisa

Majengo, Mombasa
Jumapili, 19 Oktoba
Miaka sita na miezi miwili tangu nitoke nyumbani

Kwa kaka yangu Mutua,

Salamu kwanza, kwa sababu marehemu mama alitufundisha kusalimu hata ukiwa na hasira. Nakuuliza hali yako, ya shemeji na ya watoto. Ya baba sikuulizi wewe, naijua. Mimi ni mzima isipokuwa bega la kulia, ambalo asubuhi halitaki kuinuka. Bado nasukuma mkokoteni pale sokoni Marikiti. Mpaka saa sita ni viazi na vitunguu. Baadaye ni mizigo ya Mji wa Kale, ambako vichochoro vingine mkokoteni haupiti, inabidi uuache pembeni na kulibeba gunia mgongoni mpaka mlangoni kwa mtu.

Nakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Mara tatu nimetaja jina la baba, na mara tatu mtandao ukapotea. Barua hii analeta Kilonzo, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, anayesafiri Alhamisi. Nimemwambia akupe mkononi na asiondoke mpaka uifungue.

Ujumbe wako niliupata. Unataka nitafute kinanda na spika mbili huku, nivipakie kwenye basi, ili kanisa letu nalo lifanane na makanisa ya mjini. Jibu ni hapana. Hata nikiokota kinanda barabarani sitakuletea. Kaa chini nikueleze.

Kanisa ninalosali hapa Majengo ni la mabati. Wengi wetu ni watu wa bara, na wachache ni Wagiriama. Hatukuwa na chombo ila kayamba mbili na makofi. Nyimbo alizianzisha Mama Kadzo, mama mtu mzima anayeuza mchicha Marikiti. Akitoa neno la kwanza tu, sisi wote tumeshaingia. Sauti yake si nyororo, ni sauti ya mtu aliyeita wateja sokoni maisha yake yote. Lakini ilikuwa na nguvu ya kukubeba, na ukishasukuma mkokoteni siku sita, siku ya saba unataka kubebwa na wewe.

Halafu mchungaji akasema tunatia aibu, kila kanisa lina kinanda ila sisi. Watu wakachanga, kikapatikana. Unajua nani aliyekitoa dukani? Mimi. Nilikifunga kwenye mkokoteni pamoja na spika zake, na mwenzangu wa kazi, Athumani, mtu wa Mji wa Kale, akanisaidia kusukuma.

"Musyoka ndugu yangu," akasema, "nyinyi siku hizi mwaenda kusali ama mwaenda harusini?"

"Imeandikwa tumsifu kwa vyombo."

"Haya, msifuni. Lakini polepole, bwana. Masikio anayo."

Nilicheka. Nilijiona kama wale waliolibeba sanduku la agano. Nilisahau kwamba sanduku lile nalo lilipandishwa gari la ng'ombe siku moja, na mtu aliyeligusa akafa.

Jumapili ya kwanza Mama Kadzo akaanzisha wimbo kama kawaida. Mpiga kinanda, jamaa wa miwani aliyeazimwa kutoka kanisa kubwa, akaanza kumtafuta kwa vidole. Huku hayupo, kule hayupo. Akatusimamisha, akashika kipaza sauti.

"Mama, panda kidogo."

Akapanda.

"Hapana, umepita. Shuka."

Akashuka.

"Mama, wewe unaimba katikati ya vibonyezo viwili. Hapo hamna kitu."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sitakuficha. Mama Kadzo akaketi, akainyoosha leso yake magotini, na tangu siku hiyo hajaanzisha wimbo.

Mwezi uliopita stima ikapotea katikati ya ibada. Kinanda kimya, spika kimya. Tulikuwa zaidi ya watu mia tumesimama vinywa wazi, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Tulisikia pikipiki zikipita nje. Mchungaji akapangusa jasho akamgeukia Mama Kadzo.

"Mama, tusaidie wimbo."

Hakuinuka. "Mchungaji, kumbe bado mwanikumbuka jina? Ngojani stima."

"Mama, tafadhali."

"Sauti yangu mliitafuta hapa mbele ya watu, hamkuiona. Leo mwaitakia nini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Tuliomba kimyakimya tukaenda zetu. Mia nzima ya watu, kaka, na hatukuweza kumwimbia Mungu wimbo mmoja kwa sababu waya haukuwa na moto. Hicho ndicho unachotaka nikutumie kwa basi.

Hiyo ni sababu ndogo. Kubwa ni wewe.

Dada yetu Mwende amenieleza yote. Yule mhubiri mgeni kutoka mjini alifika mapema kabla ya watu. Akazunguka nyuma ya kanisa, akamkuta baba ameinama peke yake kwenye moto wa majani makavu. Anaizungusha ngoma yake ya nyimbo za kanisa juu ya moto, anaigonga kwa kidole, anaitegea sikio, anaizungusha tena, midomo inacheza. Mhubiri hakuuliza hata swali moja. Alingoja kanisa lijae, akasema madhabahuni kwamba amemkuta mzee akitoa kafara, na kwamba ngoma ile ni ya kilumi, ya kuita pepo. Baba alikuwa palepale mbele na ngoma katikati ya magoti. Wewe ulikuwa kwenye kiti cha mwenyekiti wa kamati. Ukainamisha kichwa, ukasema amina.

Mutua, wewe unajua moto ule ni wa nini.

Ngozi ikilala na umande inalegea, ukiipiga inalia kama gunia. Lazima ipashwe moto ikaze. Wewe ndiye uliyekuwa ukimletea baba majani, miaka mingi kabla yangu. Ulinizaba kofi siku niliyoleta mabichi yakatufukiza moshi. Unajua midomo yake inacheza kwa sababu anapitia nyimbo za siku hiyo asije akakosea. Unajua ngozi ile ni ya beberu wa sadaka ya mavuno, na kwamba ngoma ile haijakanyaga kwenye kilumi hata mara moja. Baba alikataa kuiazimisha hata kwa harusi ya shangazi, na shangazi akamnunia mwaka mzima.

Maneno yaliyotakiwa ni mawili: anapasha ngozi. Hukuyasema. Kiti cha uenyekiti kilikuwa bado kipya, na mgeni huyo ndiye aliyekukalisha katika ziara yake ya kwanza. Tena ngoma ikitoka, kinanda kinapata nafasi.

Sasa Mwende anasema wanawake wanaokwenda mtoni wanapita njia ya mbali ili wasimsalimie baba. Ngoma ameitundika ghalani. Jumapili anavaa koti lake, anaketi mlangoni mpaka asikie watu wanatoka kanisani, halafu analivua. Jirani akifiwa na ndama kesho, atatajwa nani? Usiniambie hilo ni neno la kanisani tu. Nilimsimulia Mama Kadzo habari hii pale sokoni, akaacha kufunga mchicha. Kaka yake mwenyewe, mzee wa mvi, alikatwa panga shambani kwake kwa neno kama hilo, la uchawi.

"Aliyelianzisha hata hakuwa adui," akaniambia. "Alisema tu. Na sisi wa nyumbani twalijua ni uongo, twanyamaza tukisubiri lipoe. Halikupoa."

Wewe pia unasubiri lipoe. Ndiyo maana unanikatia simu.

Ukitaka kinanda, kitafute mwenyewe na ukipige mpaka vidole viote malengelenge, sitakuja kukisikiliza. Lakini kwanza usimame mbele ya watu walewale, useme moto ule ulikuwa wa nini na nani alikuwa akileta majani. Usiende kumnong'oneza baba chumbani na kilo ya sukari. Hukumwacha chumbani. Ulimwacha mbele ya kanisa zima.

Mhubiri simlaumu sana. Ni mgeni, aliona moshi akaogopa. Aliyezaliwa ndani ya nyumba ile ni wewe.

Nisalimie shemeji, mwambie ile dawa ya kuchua bega imefika na inanisaidia. Nisalimie Mwende, na usimgombeze kwa kunieleza, maana mtu mmoja kwenye familia lazima awe na mdomo. Nisalimie shangazi, na yule mama wa shule ya Jumapili aliyenifundisha kusoma. Baba usimpe salamu zangu. Sitaki zipite kwako.

Nimeshaomba ruhusa kwa mwenye mkokoteni. Napanda basi Ijumaa ya kwanza ya Disemba, na Jumamosi nitakuwa nyumbani. Jumapili yake nitaingia kanisani na baba, tutakaa mbele. Kama mpaka siku hiyo hujasema, nitasimama niseme mimi, na jina lako nitalitaja. Una Jumapili sita.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Musyoka