Mwano wa Kwanza

Nkoma, Itilima
9 Juni 2024

Mdogo wangu Luhaga,

Mwangaluka. Sisi hapa wazima. Mama analalamikia goti, Baba yuko na ng'ombe wake kama unavyomjua, na pamba bado tunachuma. Tunataka kujua hali yako na kama unakula, maana ulipokuja mara ya mwisho ulikuwa umebaki shingo na kofia.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya hapa nyumbani ni ya wote. Meseji ikiingia, anayeishika ndiye anayeisoma. Hii nampa Joakim, yule anayeingizia watu nyimbo kwenye memori kadi pale Lagangabilili, maana kila wiki anafika Bariadi kufuata mizigo. Simwamini sana. Bahasha nimeibandika kwa ugali. Ikikufikia ina gundi ya dukani, ujue kuna mtu ameifungua.

Wimbo wako umefika huku. Joakim aliupiga kwenye spika kubwa siku ya mnada, na ulipoanza tu ule mwano, yowe letu la kuomba msaada, wanaume wakaacha ng'ombe wao wakakimbia na fimbo, kila mmoja na upande wake, wakidhani wezi wameingia. Si unajua huku asiyeitikia mwano anatozwa faini na hasalimiwi. Mzee mmoja alianguka akavunjika mkono. Walipogundua ni spika wakacheka, isipokuwa Mzee Mayige, jirani yetu. Yeye alimwambia Joakim aurudishe mwanzo. Akausikiliza ameinama. Kisha akasema mbele ya watu, "Huu ndio wenyewe. Huu ndio wa asubuhi ile."

Luhaga, mwaka wa tatu huu tangu waniulie Mahona wangu shambani kwetu. Alikuwa anatoka kwa shangazi yake akiswaga ng'ombe wawili wa kulimia, ng'ombe wake mwenyewe, aje atulimie kama mchumba anavyolimia ukweni. Mtu akapiga mwano kwamba ni mwizi. Na tangu siku hiyo kila ninayemuuliza nani alianza ananipa jibu lile lile: niliusikia, nikaupokea, nikakimbia. Polisi nao walijibiwa hivyo. Mwano ukishapokewa mdomo kwa mdomo kijiji kizima, aliyeanza anapotea humo ndani. Ni Mayige peke yake aliyesema tangu mwanzo kwamba ule wa kwanza ulikatika mara mbili mwishoni, na kwamba akiusikia tena ataujua.

Sasa watu wanasema kuna mtu aliurekodi asubuhi ile, akakupa. Wanatutazama sisi. Wazee wa sungusungu wamekwisha kumwita Baba kumhoji. Niambie ukweli, nani alikupa? Na kama ulikuwa nao miaka yote hii, ulishindwaje kunisikilizisha mimi kwanza, mimi niliyefiwa?

Dada yako,
Milembe


Bariadi
14 Juni 2024

Dada Milembe,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, na shingo ni ya kuzaliwa nayo. Mpe Mama pole ya goti. Bahasha ilifika na ugali wake, ila sisimizi walikuwa wamenitangulia kuisoma.

Dada, hakuna aliyenipa kitu. Ule mwano ni mimi. Selestini, prodyuza wangu, alitaka tuweke king'ora cha polisi alichokitoa mtandaoni. Nikamwambia hapana, Nkoma hakuna king'ora, Nkoma kuna mwano. Studio yake iko nyuma ya kinyozi, kuta zimezibwa kwa magodoro. Nikasimama mbele ya maiki nikaupiga mara moja. Wateja wa kinyozi walitoka mbio na vitambaa shingoni, mmoja kanyolewa nusu kichwa. Selestini akasema hatutarudia, tumeshaupata.

Wimbo wenyewe niliuandika kwa ajili yako. Sikutaja jina la mtu wala la kijiji. Uliyasikia maneno?

*Kijiji kizima mlikimbia, hakuna aliyeanza,*
*kila mdomo ulipokea, nani alikuwa wa kwanza?*
*Mmemzika kijana wa watu, mkalizika na jibu,*
*kanisani mnapeana amani, mmekaa karibu.*

Kuna tusi gani hapo? Redio moja ya huku iliupiga wiki nzima, vijana wakapiga simu kuuomba, halafu ghafla wakaacha. Mtangazaji ananiambia wamepigiwa simu na mtu mzito. Nikimuuliza nani, anacheka. Kuna mwingine alikuja studio akijifanya anataka kurekodi kwaya, lakini akauliza habari zangu tu: natoka wapi, baba yangu nani. Kwaya gani haina hata kiongozi?

Na huyo Mayige wako mimi ananitia shaka. Mtu anakumbukaje mlio mmoja miaka mitatu? Aliyeusikia vizuri kuliko wote si ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote? Mchunguze. Mimi naona anatafuta wa kumtupia.

Mdogo wako,
Luhaga


Nkoma
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Mwangaluka, na pole na hao watu wa kwaya. Usimwambie mtu yeyote unapolala. Mama goti limepungua. Baba hali chakula vizuri, anasema ni meno.

Nilikwenda kwa Mayige kama ulivyosema. Nilijifanya naazima jembe. Nikamuuliza waziwazi kwa nini yeye peke yake ndiye anayekumbuka. Akaniambia, "Binti yangu, nilikuwa nakamua. Ulitokea nyuma ya boma langu. Nilikimbia kama wengine na nilimpiga kama wengine, na sijaacha kuusikia." Luhaga, alisema alimpiga. Alinitazama machoni akalisema, akanipa jembe. Nililibeba hadi nyumbani sijui hata nalibeba la nini. Mtu anayekiri kumpiga, kwa nini afiche kuita?

Nikamweleza kwamba mwano wa wimboni ni wako wewe, haukurekodiwa huku. Nilidhani atafurahi kwamba mambo yameisha. Hakufurahi. Akaniuliza, "Mdogo wako alichunga na nani?"

Nilimwambia nawahi kupika.

Wazee nao hawaamini kwamba ni wewe. Wanasema nyumba hii ina mtu aliyerekodi mambo ya kijiji ili kuwapeleka watu jela, na asipotajwa watatutenga. Unajua maana yake. Hatutasalimiwa, hatutapewa moto, mashine ya kusaga itazimwa tukifika, na tukifiwa tutachimba kaburi wenyewe. Baba amesema uufute wimbo. Hakusema kwa hasira, alisema taratibu, akiangalia pembeni. Tangu lini Baba akasema jambo taratibu?

Hapa sasa namwangalia kila mtu mdomoni. Jana nimemwangalia Mama akiita kuku.

Nakuuliza swali la Mayige kwa maneno yangu, na unijibu wewe kabla sijajijibu mwenyewe. Nani alikufundisha kupiga mwano vile?

Dada yako,
Milembe


Bariadi
27 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Afya ipo. Barua yako ilifika na ugali wake, nimeikagua vizuri.

Nilikaa na swali lako nikajaribu kulikwepa. Nilitaka kukuandikia kwamba hakuna aliyenifundisha, kwamba kila mchungaji anajua. Lakini wewe hukuwahi kuchunga, na mimi nimechunga.

Unakumbuka mwaka wa ukame, Baba aliponichukua tukapeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho? Fisi walichukua ndama. Nilipiga kelele ovyo, hakuna aliyekuja. Baba akaniweka mbele yake, akanishika koo kwa vidole viwili. Akasema mwano wa kwetu unakatwa mwishoni, hivi, na hivi, mara mbili, ili tukiwa mbali malishoni mmoja wetu ajue ni wa nyumba yake anayekwenda kumsaidia. Babu alimfundisha yeye hivyo hivyo. Nilikuwa najivunia. Pale studio sikufikiria kitu, Dada. Nilifungua mdomo na vidole vikaenda vyenyewe kooni.

Babu ameshakufa. Hatuna baba mdogo wala mkubwa. Wanaojua kuukata vile ni wawili, na asubuhi ile mimi nilikuwa huku Bariadi namsukumia kinyozi jenereta.

Niambie nimekosea. Niambie asubuhi ile ulimwona Baba ndani amelala, au kisimani, au popote. Nimemwomba Selestini aukate mwanzo wa wimbo, amesema uko kwenye simu za watu wote, tutaukata wapi?

Soma uichome hii. Nami nimeibandika kwa ugali.

Mdogo wako,
Luhaga


Bariadi
21 Julai 2024

Dada Milembe,

Shikamoo. Sijui hata nianze na habari gani, maana sijui kama mpo salama. Mimi nipo.

Hujanijibu. Nikipiga simu anapokea Mama, ananiambia upo shambani, na sauti yake ni ya mtu aliyesimama karibu na mtu mwingine. Nimembana Joakim hadi akasema ukweli: barua yangu hakukupa mkononi. Alipofika alimkuta Baba zizini, akampa yeye. Kaniambia hivyo akitafuna mua, kama vile si kitu.

Nasikia pia kuna mkutano umeitishwa. Nataka kuja. Nitapanda pikipiki hata leo. Ukitaka nisije, andika hata neno moja, mwandiko wako naujua.

Mdogo wako,
Luhaga


Nkoma
11 Agosti 2024

Mdogo wangu Luhaga,

Salamu. Mama mzima, mimi mzima, Baba mzima. Usije.

Barua yako ya Juni niliipata juu ya mto wangu, wiki nyingi baada ya wewe kuiandika. Ilikuwa imebandikwa vizuri, kwa gundi ya dukani. Gundi yenyewe niliikuta kwenye rafu ya Baba, pale anapoweka dawa za ng'ombe, hata hakuisukuma nyuma ya chupa. Aliisoma, Luhaga. Unajua anavyosoma, kwa kidole, neno kwa neno. Alikaa nayo, kisha akaamua na mimi niisome. Tulichuma pamba mstari kwa mstari hadi ikaisha, na nilikuwa namchukia na ninamwekea maji ya kunywa.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mayige ndiye aliyetoa wazo: wanaume wote wa upande wetu wapige mwano, mmoja mmoja, watu wasikilize. Baadhi walikohoa, baadhi waliubana wakatoa kisauti cha mtoto, watu wakacheka. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Zamu yake ilipofika Mayige akasema, "Ngassa, wewe kifua chako kibovu, kaa tu." Nilimsikia vizuri. Alikuwa anampa mlango. Nafikiri alikuwa amekwisha kujua siku nyingi, na alipofika mwisho wa kutafuta akaogopa kupata.

Baba hakukaa. Alivua kofia, akaweka vidole viwili kooni, akaupiga. Hakuubana. Niliusikia wote, na mwishoni ukakatika, mara ya kwanza, na mara ya pili.

Luhaga, huku mwano ukipigwa watu huitikia hata kama ni mzaha, hata watoto. Siku ile hakuna aliyeitikia. Mama alisogeza mguu, akaurudisha. Baba alibaki amesimama na mkono kooni, akingoja, maana alikuwa amezoea kuitikiwa. Kisha watu wakaanza kuondoka, na hakuna mzee yeyote aliyehitaji kutangaza kwamba tumetengwa.

Nyumbani nilimuuliza. Nilisema, "Baba, jioni ya kuamkia siku ile mimi mwenyewe nilikwambia Mahona atakuja asubuhi kulima. Ulisema sawa. Hukumtambua?"

Akasema, "Niliona ng'ombe. Mtu sikumwangalia."

Nikamuuliza tena. Akanipa jibu hilo hilo, kwa maneno hayo hayo. Nimeligeuza kila upande. Saa nyingine naona ni mzee aliyeona ng'ombe wageni shambani mwake alfajiri akaogopa. Saa nyingine nakumbuka hakumpenda Mahona, alisema mtu wa Nassa, kule ziwani, ni mtu wa samaki, atatunza ng'ombe gani. Sijui. Nitakufa sijui, na nafikiri hata yeye sasa hajui.

Kutengwa kwenyewe ni kama tulivyosikia kwa wengine. Mashine inazimwa, tunatwanga. Mama anakwenda kanisani anakaa benchi peke yake. Vijana wakipita barabarani wanapiga wimbo wako wakifika hapa, na wanauzima kabla haujafika kwenye maneno.

Jumanne jioni wezi waliingia zizini kweli. Nilikuwa jikoni. Baba alitoka na fimbo akaupiga mwano, akaukata vilevile, na kijiji chote kilikuwa macho, moshi unatoka kila boma. Hakuna aliyekuja. Mama yuko chini na goti lake, ananitazama mimi. Ilikuwa imebaki sauti yangu tu. Mdomo ulifunguka wenyewe, Luhaga, ndivyo tulivyolelewa. Nikaweka mkono nikaufunga.

Wameondoka na ng'ombe wawili, wale wetu wa kulimia. Baba alirudi akakaa mlangoni. Nilimpelekea ugali na maziwa, akala.

Baba alitaka uufute wimbo. Usiufute. Ila ukiimba tena mbele ya watu, mwano usiupige wewe. Mwachie Selestini aweke king'ora chake.

Dada yako,
Milembe

Bahasha hii nimeibandika kwa gundi ya Baba. Aliniona nikiichukua.